Miwa ya mwekezaji kando ya Wami: tukague nini kwenye ripoti ya mazingira?

Mkandaa: Wakuu, heshima kwenu. Kamati yetu ya mazingira ya kijiji, huku Bagamoyo, imepewa muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira. Mwekezaji wa nje anataka hekta 4,000 za miwa, maji ayavute Mto Wami. Ripoti inaliita eneo "pori lisilotumika" na athari kwa viumbe "ndogo". Kikao cha maoni ni wiki ijayo. Tukomalie wapi?

Bamvua: Anzeni na maji, miti baadaye. Miwa hutaka milimita 1,500 hadi 2,500 kwa mwaka, mvua ya pwani yetu ni kama 1,000. Tuseme upungufu ni 800 tu. Milimita 1 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10, kwa hiyo hekta moja itameza 8,000, na shamba zima milioni 32, bila kuhesabu yanayopotea mferejini.

Ujanja huwa hapa: namba hiyo hulinganishwa na wastani wa mto kwa mwaka mzima, wastani uliobebwa na mafuriko ya masika. Dai mtiririko wa mwezi mkavu kuliko yote. Mto ukidhoofu, kila bamvua (bahari inapojaa kuliko kawaida) maji ya chumvi hupanda juu zaidi. Msikundazi, mkoko unaopenda maji yasiyo na chumvi, hutangulia kukauka. Mchu, mkoko mwingine, hustahimili chumvi na kushika nafasi. Kamba wachanga hukulia humo humo kwenye mikoko, kwa hiyo wavuvi wa mdomo wa mto wapewe kiti kikaoni.

Ngiri_wa_Saadani: Kuhusu "pori lisilotumika": tazama tarehe za uchunguzi. Siku tatu za kiangazi hazioni vyura wala mimea yenye viazi inayolala chini ya ardhi wakati wa ukame. Dai masika na kiangazi, na kila spishi iwe na nukta yake ya GPS. Orodha ya majina matupu hata mezani inaandikika.

Kisha ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mbega huishi juu ya miti, na pengo lililofyekwa kwa ajili ya pampu hukata kundi vipande viwili. Uzio nao ukiziba njia ya kwenda majini, viboko na tembo huzunguka na kuishia kwenye mahindi yenu. Hasara hiyo hamtaiona kwenye hesabu za mradi.

Jembe2: Ulizeni pia kama watachoma miwa kabla ya kuvuna. Wakichoma, moto hukimbilia kichakani, na konokono na kobe hawana mbio.

Bamvua: Halafu ardhi yenyewe. Mgeni hapewi ardhi ya kijiji. Lazima ihaulishwe, yaani ihamishwe kisheria, iwe ardhi ya jumla, isiyo tena chini ya kijiji. Ikizidi hekta 250 kijiji hupendekeza tu, Waziri ndiye anayeamua. Ikishahaulishwa, msitu uliomo humo hautalindwa tena na sheria ndogo zenu. Utoeni nje ya mipaka kabla ya muhuri.

Mkandaa: Shukrani wakuu. Hizo takwimu za mwezi mkavu tuziombe kwa nani? Mshauri wa mradi anasema ni siri.

Ngiri_wa_Saadani: Si zake hizo. Andikeni barua Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro, maana kibali cha kutumia maji hutoka huko huko. Ombeni vipimo vya kila siku. Wastani wa mwezi nao huficha siku ambazo mto hauna kitu.