Kijana barazani baada ya isha: mhuni, au anabarizi?

Mkaazi wa Kikwajuni: Assalaam aleikum. Kikao cha mtaa wetu kimependekeza asiyefika miaka 18 asionekane barazani baada ya isha, eti wanapanga uhuni. Baba zao wanakaa baraza ile ile mpaka saa nne, kahawa na bao, tunasema wanabarizi. Mtoto akikaa, mhuni. Kosa lake nini hasa?

Bi Shangani: Waaleikumu ssalaam. Sisi tulilelewa na mtaa mzima. Leo ukimkanya mtoto wa mwenzio, mamaake anakuja kajifunga kanga kiunoni. Wakiachwa ndio hao wanaoruka baharini pale Forodhani kutwa, vifua wazi mbele ya watalii. Watoto wasio na wenyewe.

Mpemba wa Wete: Huku msimu wa karafuu kijana wa miaka 15 anapanda mkarafuu, anachuma, analipwa kwa pishi kama babaake. Hapo hakuna anayemwita mtoto. Msimu ukiisha, akitia neno mbele ya wazee: "Nyamaza, mtoto wewe." Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inasema chini ya 18 ni mtoto. Sera ya vijana ya Tanzania inakwenda mpaka 35. Tunamvisha umri unaotufaa sisi.

Mama wa Mruka Makachu: Bi Shangani, kwa heshima yako, "wasio na wenyewe" imenichoma. Mwanangu anaruka makachu pale. Ana mwenyewe, ni mie. Asubuhi skuli, mchana chuo cha Kurani, jioni anaruka. Wageni wanamshangilia, sisi wa kwao tunamwona chokoraa.

Bi Shangani: Sikumtaja mwanao. Lakini adhana ya magharibi inamkuta wapi?

Mama wa Mruka Makachu: Inamkuta kwangu, kashakoga. Na ingemkuta majini, bado ana mama.

Mzee wa Ng'ambo: Jamani, na sie tuliruka, tena watalii hawapo. Miaka ya sabini tulifuga nywele, tukavaa suruali pana chini, wazee wakatuita wahuni. Wenzangu wale wale leo ndio wenye kikao. Inanisikitisha sana.

Bi Shangani: Nyinyi mlikuwa mkiamkia watu, shekhe.

Mzee wa Ng'ambo: Na hawa wanaamkia. Mimi huwaitikia. Wewe huwaitikia?

Binti wa Miaka 16: Shikamooni. Mnasema wavulana tu. Mimi barazani sikai kabisa na hakuna kikao kilichoniuliza. Kaka akirudi saa nne anaulizwa kama kala. Mimi nikirudi saa kumi na mbili na madaftari mkononi, naulizwa natoka kwa nani.

Bi Shangani: Marahaba mwanangu. Wewe ni mwari, mwari hulindwa.

Binti wa Miaka 16: Kulindwa sikatai, bibi. Lakini "unatoka wapi" na "unatoka kwa nani" si swali moja. La pili lishanihukumu.

Mpemba wa Wete: Allah akuhifadhi, binti. Umesema.

Mama wa Mruka Makachu: Bi Shangani, "wasio na wenyewe" bado ipo hapo juu. Nakuomba uifute.