Ushauri: Tunaenda kuzamia Bonaire na mume wangu, tuchukue kiongozi au tushuke wawili tu?

Binti Pangani:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuzamia na mtungi.

Mimi na mume wangu tunaishi Uholanzi. Vyeti vya Open Water, yaani vya ngazi ya kwanza ya kuzamia, tulivipatia Nungwi, na tangu hapo tumezamia Mnemba tu tukirudi likizo, kila mara tukiwa na kiongozi na boti inatusubiri juu. Mwezi wa tatu tunaenda Bonaire, kisiwa cha Kiholanzi kilichoko kaskazini mwa Venezuela. Mume wangu amesoma kwamba kule watu wanakodi pikapu, wanapakia mitungi nyuma, wanaegesha penye jiwe la manjano lenye jina la eneo, wanavaa na kuingia baharini wenyewe. Anataka tufanye hivyo tangu siku ya kwanza. Kiongozi, anasema, ni kutupa hela.

Mimi sina amani. Hewa yangu inaisha mapema kuliko yake, na sijawahi kuitafuta njia ya kurudi nikiwa chini. Nikisema, anaona simwamini. Halafu anatumia dawa za presha na hataki kuzitaja kwenye fomu ya afya ya wazamiaji. Na juu ya yote anataka tuione meli ya Hilma Hooker iliyozama kule.

Safari hii tumeiwekea akiba muda mrefu, sitaki kuiharibu. Ila kushuka huku moyo unanienda mbio siwezi. Nawasilisha.

Nahodha wa Mkokotoni:
Dada, mimi nafundisha kuzamia Unguja. Nianze na hilo la moyo kwenda mbio, maana ndilo kubwa. Kanuni ya mbizi ni kwamba yeyote anaweza kuivunja safari, wakati wowote, bila kuulizwa sababu. Dole gumba juu, mnapanda wote. Mkubaliane hivyo mkiwa nchi kavu, na mkirudi pwani pasiwe na lawama. Mume wako akilikubali hilo kwa moyo, nusu ya hofu yako imeondoka.

Kuhusu hewa: anayemaliza haraka ndiye anayepanga muda wa wote wawili. Mkianza na bar 200 za hewa mtungini, wewe ukifika 120 mnageuka, hata kama yeye bado ana 160. Mtoke majini mkiwa na 50 au zaidi. Na mwanzoni nendeni dhidi ya mkondo, ili kurudi mkondo uwasaidie.

Kiongozi mchukueni siku mbili za mwanzo. Hela hiyo haipotei, mwambieni awafundishe kusoma alama za mwamba na dira, zamu ya kuongoza mpeane nyinyi huku yeye anafuata nyuma. Baada ya hapo mtashuka wawili mkijua mnachofanya.

Mdau Rotterdam:
Tulishaenda na mke wangu. Shemeji ana hoja, Bonaire ni pepesi kuliko Mnemba kwa mambo mengi. Upande wa magharibi umekingwa na upepo, na maji kujaa na kupwa ni kidogo sana, si kama bamvua la kwetu linaloacha ngalawa zimekaa mchangani. Mwamba uko karibu mno na ufuko, unaogelea kidogo tu unakuta mteremko unaanza kwenye kina cha mita kumi hivi. Upande wa mashariki msiuguse, mawimbi yake ni ya kuvunja watu.

Kazi ngumu ni kuingia na kutoka. Ufuko mwingi si mchanga, ni vipande vya matumbawe yaliyokufa na mawe yenye utelezi, na una mtungi mgongoni. Nunueni viatu vya kuzamia vyenye soli ngumu, na mapezi ya kuvalia juu ya viatu. Jazeni hewa jaketi la kuelea, miwani usoni, shikaneni mikono, burutani miguu bila kuinyanyua. Maji yakifika kiunoni, mmoja anasimama imara, mwenzake anamshika bega na kuvaa pezi moja moja, kisha mnabadilishana. Msigeuze mgongo kwa wimbi wakati wa kutoka.

Gari msilifunge na msiache kitu ndani, hata kandambili. Wezi wanajua mko chini kwa saa nzima. Pikapu nyingi ni za gia za mkono, hakikisheni mmoja wenu anaziweza.

Bonaire haimo ndani ya Schengen, eneo la Ulaya la kusafiri bila ukaguzi wa pasipoti, ingawa iko chini ya Uholanzi, bebeni pasipoti pamoja na kibali cha ukaazi. Kuna kodi ya kuingia dola 75 kwa mtu na ada ya hifadhi ya bahari pembeni. Wanatumia dola ya Marekani tangu 2011, euro zenu ziacheni nyumbani.

Mwanamaji Tanga:
Hilma Hooker ilizama Septemba 1984, imelala ubavu kwenye mchanga, mita 30 hivi. Sehemu ya juu iko kwenye mita 18, na hapo ndipo cheti chenu kinapoishia. Iacheni, au mchukue kwanza kozi ya Advanced, ngazi inayofuata, hapo hapo kisiwani. Kuna gati la chumvi kusini, nguzo zimejaa sponji za rangi na samaki wengi, kina kifupi. Meli ikiwa inapakia chumvi haparuhusiwi.

Na jambo linaloniuma: tangu 2023 kisiwa kimepata ugonjwa unaoua matumbawe magumu, unayala hadi mfupa mweupe unabaki. Osheni vifaa kwa dawa wanayoelekeza kabla ya kutoka eneo moja kwenda jingine, msisubiri kukumbushwa. Glavu ni marufuku, na kabla ya lolote lazima mfanye mbizi ya majaribio mkiangaliwa. Hifadhi ile ilianzishwa 1979, ndiyo maana bado kuna cha kuona.

Muuguzi Mstaafu:
Mwanangu, hilo la presha usilinyamazie. Ukiwa majini, damu ya miguuni inasukumwa kifuani, na mwenye presha isiyotulia yuko kwenye hatari ya maji kujaa mapafuni akiwa chini. Baadhi ya dawa za presha pia zinazuia moyo kuongeza kasi pale unapohitaji nguvu. Wengi wenye presha iliyotulia wanaruhusiwa, lakini ni daktari wa kuamua. Aende sasa, asainiwe fomu, asije akakwama kaunta ya kisiwani kwa kukosa karatasi. Akidanganya na likatokea la kutokea, bima nayo inaweza kumkana.

Binti Pangani:
Asanteni sana, nimemsomesha uzi mzima. Kwa daktari amekubali kwenda, miadi ni wiki ijayo. Kuhusu kiongozi mume wangu bado anabishana, ila kutoka siku mbili ameshuka hadi moja. Swali la mwisho: ndege yetu ni saa tisa alasiri. Siku ile asubuhi tunaweza kuzamia?

Nahodha wa Mkokotoni:
Hapana. Baada ya mbizi za siku kadhaa, angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, mimi huwaambia wateja wangu 24. Mbizi ya mwisho iwe siku iliyotangulia, mmalize kabla ya saa nane mchana. Asubuhi ya safari endesheni kusini mkawaone heroe kwenye mabwawa ya chumvi, na vile vibanda vya mawe walivyolala watumwa waliochimba chumvi. Na hiyo siku moja ya kiongozi, kubali, mradi iwe ya kwanza.