Ndege ya injini mbili inayoruka kama ya injini moja. Nani aliipitisha?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jana usiku nimepakua ile ndege mpya ya injini mbili iliyoingizwa kwenye simuleta yetu huria, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege. Kwa macho, inapendeza. Saa za vipimo zinawaka, milango inafunguka, hadi mikwaruzo ya rangi imo. Nikapaa. Kwenye futi 400 nikazima injini ya kushoto, maana hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ndege ya aina hii, na mguu wa kulia nimeshauweka tayari kwenye pedeli ya usukani wa mkia.

Mguu haukupata kazi! Bawa lilitikisika kidogo tu, pua ikabaki imenyooka kama rula.

Nikafungua faili la JSBSim, ile sehemu ya programu inayokokotoa jinsi ndege inavyoruka. Pale unapoandika propela iko umbali gani kutoka katikati ya ndege, zote mbili zimeandikwa 0. Yaani kwenye picha injini ziko mabawani, kwenye hesabu zote zinavutia puani. Mtu kachukua faili la ndege ya injini moja, kanakili kipande cha injini mara mbili, basi. Hata mafuta, injini zote zinanyonya tangi namba 0. La kulia nimelikuta limejaa vilevile.

Jamani, ndege ya injini mbili ikipoteza moja haipotezi nusu ya uwezo wa kupanda. Mara nyingi hupoteza asilimia 80 au zaidi, na injini iliyobaki inaivuta upande mmoja. Kinachoizuia isigeuke ni usukani wa mkia, nao unahitaji kasi ya hewa. Ndiyo sababu saa ya mwendo ina mstari mwekundu: ukishuka chini yake huku injini iliyobaki inavuta kwa nguvu zote, usukani unashindwa, ndege inageuka na kulala. Mstari huo humu umechorwa vizuri kabisa na haufanyi kazi yoyote.

Nimelalamika, nikajibiwa "ni toleo la kwanza". Toleo la kwanza likose taa, likose sauti, sawa, nitavumilia. Hili limekosa kitu chenyewe kinachoitofautisha ndege hii na nyingine! Na kuna watu wanazoeza miguu yao humu kabla ya kupanda ndege ya kweli. Mguu uliozoea kutofanya kitu, siku injini ikizima kweli utafanya nini?

Marekebisho nimeshayatuma: inchi 70 kushoto, 70 kulia, kila injini na tangi lake. Propela zote zinazungukia kulia, kwa hiyo nimeongeza na ile tofauti ya nguvu ya kuvuta kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa kila propela, inayofanya kuzimika kwa injini ya kushoto kuwe kubaya zaidi. Yaunganishwe, la sivyo ndege iondolewe kwenye orodha ya zilizokamilika.

Na wewe uliyeipitisha, nijibu hapa hapa: uliwahi kuzima injini moja kabla hujaikubali?