Karatasi kwenye geti la Shangazi

*Kikundi: Familia ya Babu, Kihonda*

Mwanaidi: [Picha] Shikamooni wakubwa. Hii wameibandika getini sasa hivi, gundi bado mbichi. Mnada wa hadhara, nyumba ya mama. Baada ya siku 14.

Baba Asha: Marahaba. Rehema ana deni gani? Hajawahi kukopa hata kwenye kikoba.

Shangazi Rehema: Kaka, sikukopa. Nilimdhamini mdogo wetu Salumu na lile duka la spea, 2022. Milioni 18. Hati yangu ya nyumba ndiyo iko benki.

Asha: Shikamoo Shangazi, pole sana. Deni limeandikwa kiasi gani? Picha imekatika chini.

Mwanaidi: Milioni 31 na ushee.

Baba Asha: Waanze kwa Salumu! Duka lipo, pikipiki ipo. Mdhamini anauziwaje nyumba na mkopaji yupo?

Asha: Baba, hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa Sheria ya Mikataba mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, labda mkataba wenyewe useme vingine. Benki hailazimiki kumdai Baba Mdogo Salumu kwanza. Shangazi, mumeo alisaini ridhaa ya nyumba kuwekwa dhamana?

Shangazi Rehema: Alisaini. Tulikwenda wote kwa wakili, akaweka na dole gumba.

Baba Asha: Si aseme hakusaini?

Asha: Hapana Baba. Karatasi ipo na wakili yupo, tutaharibu hata pale tulipo na haki. Mimi nauliza 18 imefikaje 31. Riba peke yake haifiki huko.

Mwanaidi: Mjomba Salumu amesoma, naona tiki za bluu.

Shangazi Rehema: Salumu. Sema.

Baba Mdogo Salumu: Dada nisamehe. Mwaka jana niliongezewa milioni 12. Afisa mikopo alisema hati ileile inatosha.

Shangazi Rehema: Mimi sikuitwa. Sikusaini kitu.

Asha: Hiyo ni hoja. Masharti ya mkopo yakibadilishwa bila mdhamini kukubali, kwa yaliyofuata baada ya mabadiliko anakuwa huru. Lakini nenda leo benki ukaombe nakala ya fomu yako ya udhamini, uisome hadi yale maandishi madogo. Kama kuna maneno kwamba unadhamini "mikopo yote ya sasa na ya baadaye", watayashika hayo. Na notisi ya siku 60 ulipokea lini?

Shangazi Rehema: Notisi gani tena?

Asha: Kabla ya kuuza, Sheria ya Ardhi kifungu cha 127 inataka mwenye nyumba iliyowekwa rehani aandikiwe kwamba kuna deni halijalipwa, apewe siku 60 tangu aipokee. Mwenye nyumba ni wewe, siyo mkopaji. Zile 14 ni za tangazo la mnada tu.

Shangazi Rehema: Wallahi sijaona barua.

Baba Mdogo Salumu: Ililetwa dukani mwezi wa tatu. Ina jina la dada. Niliiweka kwenye droo, nikijua nitalipa kabla hajajua.

Baba Asha: Salumu!!

Asha: Baba Mdogo, usiitupe hiyo barua wala bahasha yake. Piga picha anwani, na uandike nani aliileta, nani aliisainia. Naongea na wakili wa hapo Morogoro tuombe mahakama izuie mnada wiki hii. Nyundo ikishagonga, sheria inamlinda aliyenunua, Shangazi atabaki kudai fidia tu. Hata wakiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, ambapo sheria inaanza kudhani benki haikutafuta bei nzuri, bado nyumba imekwenda.

Baba Asha: Na deni?

Asha: Deni lipo Baba. Ile 18 tulidhamini kweli. Zuio la mahakama halifuti deni, linatupa muda wa kukaa na benki. Baba Mdogo aje na daftari la marejesho.

Baba Mdogo Salumu: Pikipiki nauza kesho. Nitamtuma kijana alete bahasha.

Shangazi Rehema: Usimtume mtoto. Ilete mwenyewe, leo, kabla ya magharibi. Mume wangu bado hajaiona karatasi ya getini, na utamweleza wewe.