Ule ukuta wa matundu wa ubalozi wa Marekani New Delhi, unapoza kweli au ni urembo tu?

mchoraji_wa_tanga:
Wakuu habarini za jioni. Mi nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu, muhula huu kila mtu kachagua jengo moja la kulichambua na mi nimechukua ubalozi wa Marekani wa New Delhi, ule aliouchora Edward Durell Stone ukafunguliwa 1959. Kwa asiyelijua, liko mtaa wa balozi unaitwa Chanakyapuri, jengo la mstatili limekaa juu ya jukwaa, paa limetokeza nje sana, linashikwa na nguzo nyembamba za rangi ya dhahabu, na kuta za nje karibu zote ni tofali za matundu matundu kuanzia juu mpaka chini, afu katikati kuna bustani ya maji. Mwalimu wangu kasema yale matundu ni pambo tu, Mmarekani kaona jali za Taj Mahal, zile kuta za mawe zilizotobolewa matundu, akazibandika kwenye ofisi. Imeniuma kidogo, manake kwa bibi yangu Tanga baraza la mbele lilijengwa kwa tofali za maua zile zile, na mchana wa mwezi wa pili tulikuwa tunalala pale pale chini kwenye sakafu kwa sababu vyumbani hapakaliki. Sasa naomba mnisaidie, yale matundu yanafanya kazi au la, na ukiyachukua kama yalivyo ukayaleta Dar yatafaa?

mzee_wa_jamvi:
Mdogo wangu karibu. Nilisoma Delhi miaka minne kwa hiyo nakuambia na ya kuona kwa macho. Mwezi wa tano pale joto linapita digrii 40, upepo wanauita loo unakuja kama umefungua mlango wa tanuri, lakini ni joto KAVU, hilo ndo la kushika kabla ya yote. Kwenye joto kavu adui wa kwanza ni jua lenyewe kugonga ukuta na kioo. Ukichungulia lile jengo, nyuma ya ukuta wa matundu kuna ukuta mwingine wa vioo, katikati pana nafasi. Kwa hiyo jua linagonga tofali kwanza, tofali ndo linapata moto, kioo kinabaki kivulini, afu lile paa lililotokeza linazuia jua la juu. Ingekuwa matundu yamegandishwa kwenye kioo hapo ningekubaliana na mwalimu wako. Viyoyozi vipo ndani, usiandike kwamba jengo linajipoza peke yake, ila kiyoyozi kinachopambana na kioo kilicho kivulini kinapata nafuu kubwa.

Yale maji sasa. Umeshawahi kunywa maji ya mtungi Dodoma ukalinganisha na mtungi wa Dar? Wa Dodoma yanakuwa ya baridi kweli kwa sababu hewa kavu inanyonya unyevu wa mtungi haraka na unyevu ukiondoka unaondoka na joto. Dar hewa imeshashiba maji, mtungi unatoka jasho tu. Bustani ya maji ya Delhi ni mtungi mkubwa, watu wa kule tangu zamani wananing'iniza mikeka ya nyasi za khus madirishani wanaimwagia maji, kanuni ile ile. Ukilileta lile bwawa Dar utapata unyevu juu ya unyevu na mbu wa kutosha. Usililete.

kalamu_na_rula:
Mi nitamtetea mwalimu kidogo, ana hoja. Stone huyo huyo aliweka ukuta wa matundu kwenye nyumba yake mwenyewe New York mwaka 1956, mtaa wa East 64th, Manhattan, mji wa theluji! Sasa kama matundu ni jibu la hali ya hewa ya India, Manhattan yanajibu nini? Alikuwa ameyapenda basi, ikawa saini yake. Na upande wa utamaduni pia, kuchukua jali na kuipanga katika mstatili mmoja mkubwa mweupe juu ya jukwaa si sawa na kuuliza Mhindi anakaaje nyumbani kwake. Linganisha na ubalozi wa Ubelgiji uko Delhi hiyo hiyo, aliuchora Satish Gujral ambaye alikuwa mchoraji na mchongaji, hakusomea usanifu, ukakamilika 1983. Matofali mekundu, makuba, vilima vya nyasi, ukiuona unahisi umechimbuka kwenye ardhi ile ile. Nampenda Stone lakini pale kwa Gujral mi nakaa kimya.

mzee_wa_jamvi:
@kalamu_na_rula la New York nakubali bila ubishi. Ila kitu kuwa saini ya mtu hakukizuii kufanya kazi kikifika mahali pake, na Delhi ndo mahali pake.

pepo_za_kusi:
Naona mnabishana Delhi wakati kijana kauliza Dar. Ndugu yangu kama unataka mfano wa pwani yenye unyevu kama sisi nenda Accra. Harry Weese wa Chicago alichora ubalozi wa Marekani pale miaka ya mwisho ya 50, Ghana ndo inapata uhuru 1957. Kaliinua jengo zima juu ya nguzo zilizochongoka, umbo kalitoa kwenye jumba la mfalme wa mji unaoitwa Wa, kaskazini mwa Ghana, lile la udongo, ofisi zimezunguka ua, na kwenye madirisha kaweka mbao za kupangwa kama mapezi za miti ya kule kule. Upepo unapita chini, unapita pembeni, unapita katikati, manake kwenye joto la unyevu kivuli peke yake hakitoshi, mwili unataka hewa inayotembea ndo jasho likauke.

Na msanifu Louis Kahn usimwache, alichora ubalozi mdogo wa Marekani wa Luanda, Angola, kuanzia 1959, haukujengwa, lakini michoro yake ni darasa. Aliona mwanga wa kule unavyoumiza macho, akasimamisha ukuta mtupu wenye tundu mbele ya kila dirisha, na juu akatenganisha paa la jua na paa la mvua, katikati hewa ipite. Mi nimekaa chini ya bati lisilo na dari maisha yangu yote ya utoto, siku nilipoona mchoro ule nililitazama paa la nyumbani kwa hasira.

Kuna jambo jingine la kuandika, kwa nini hawajengi tena hivyo. Sisi tunajua. Baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998, kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar, balozi mpya za Gigiri na Msasani zilizofunguliwa 2003 zimekaa mbali na barabara nyuma ya kuta. Waliokufa walikuwa watu wetu wengi kuliko wao, kwa hiyo silaumu ukuta, ila nasikitika.

mchoraji_wa_tanga:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa kitu ambacho sikukielewa darasani. Kwa hiyo baraza la bibi lilikuwa linafaa kwa sababu nyuma ya tofali hapakuwa na kioo, upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja? Na nikichora kwa Dar niyaelekeze wapi?

pepo_za_kusi:
Ndo hivyo hivyo. Bibi yako hakuweka kioo. Jua baya ni la mashariki na magharibi, pale weka matundu madogo yenye kina, tofali nene, jua la saa kumi likwame ndani ya tofali. Kaskazini mashariki na kusini achia matundu makubwa maana kaskazi na kusi zinatoka huko, na upande wa pili wa chumba lazima pawe na pa kutokea, upepo hauingii chumba kisicho na njia ya kutoka. Upande wa kusi toa paa nje angalau mita moja na nusu kwa sababu mvua ya masika inakuja imelala. Wavu wa mbu usiubane kwenye tofali, unakula upepo na haufuliki, weka fremu ya mbao ndani inayofunguka. Afu nenda Tanga na tepu, pima lile baraza la bibi tundu kwa tundu, uweke mchoro wake pembeni ya ule wa Stone.