Zege la njia ya gari lina mabaka na linatoa unga: niru, pevingi au nivunje?

GobaJuu: Salaam wakuu. Nimemwaga zege kutoka getini hadi barazani, mita 14 kwa 3. Limekauka na mabaka: upande wa geti limekuwa jeusi, katikati jeupe kama limepakwa chokaa, na nikifagia linatoa unga. Ufa mmoja umekatiza upande hadi upande. Fundi anataka tupige niru juu (tabaka jembamba la simenti laini), mke wangu anataka pevingi (vitofali vya zege vya kupanga), jirani anasema nivunje. Salio la fundi bado ninalo na anakuja kulidai Jumamosi. Nifanye lipi?

MamaPili: Pevingi. Ikizama sehemu unang'oa chache, unasawazisha mchanga, unarudisha. Zege likiharibika ndiyo basi.

KokotoNusu: Mkuu, hujatuambia kitu. Lina siku ngapi? Unene? Resho ya simenti, mchanga na kokoto? Kuna BRC, ule wavu wa chuma? Ulimwagilia siku ngapi? Jointi zimekatwa?

Mwambani: Weupe huo ni mchanga wa baharini, chumvi inatoka. Sugua na asidi ya betri.

KokotoNusu: Asidi ya betri inakula zege, tafadhali asimwage mtu. Siki iliyochanganywa na maji inatosha, kisha suuza sana. Na chumvi hofu yake kubwa ni kula nondo.

GobaJuu: Lina siku 19. Unene inchi 4, ndivyo alivyosema fundi. Resho tulikubaliana 1:2:4 ila mimi nilikuwa kazini. BRC hakuna. Tulimwagilia siku mbili, maji yakakatika, tukafunika nailoni. Mchanga ni wa mto. Jointi sizijui.

KokotoNusu: Nailoni inaeleza mabaka. Pale ilipolala juu ya zege na pale ilipojikunja, unyevu haukuwa sawa. Weupe ni chokaa ya saruji yenyewe, maji yanaipandisha juu na hewa inaigandisha. Hiyo ni sura tu. Jointi ni mkato wa makusudi, kwa unene wa inchi 4 kila mita 2.5 hadi 3. Usipokata wewe, zege linajikata lenyewe, na ndio ufa wako. Kinachonitisha ni unga. Kwaruza na msumari: ukichimba kirahisi, uso wake ni dhaifu.

Mwambani: Mchanga wa mto nao unakuwa na udongo.

TangaMjini: Ndugu yangu, niru usikubali. Mimi fundi alinyunyiza simenti kavu juu ya zege ambalo bado linatoa maji, akapitisha mwiko likang'aa. Nikafurahi, nikamlipa yote. Mwezi wa pili likaanza unga kama lako. Akarudi, akapiga niru juu ya vumbi lile lile bila hata kukwangua. Masika ilipoingia, kila gari lilipokata kona niru ilibanduka mabamba kama maganda ya muhogo. Nikamlipa mtu mwingine alikwangue kwa brashi ya waya, akafika kwenye kokoto zinazong'oka kwa kidole. Mwisho nikavunja. Kuvunja kuliniuma kuliko kumwaga, maana kifusi unalipia kila tripu. Na tulipovunja nikakuta unene sehemu nyingi ni inchi mbili na nusu! Pesa za shule za watoto zile.

SaidiaFundi: Mafundi tunalaumiwa kila siku. Mwenye nyumba anapunguza mifuko, anataka liishe siku moja, halafu boza la kumwagilia hanunui. Mkuu, ulinunua mifuko mingapi?

GobaJuu: 18. Mmoja ukabaki.

KokotoNusu: Mita 14 kwa 3 kwa sentimita 10 ni kyubiki 4.2. Kwa 1:2:4 ni mifuko kama 27. Kwa 17, ama saruji ilipunguzwa, ama unene ni kama sentimita 6. Chimba pembeni upime kabla ya Jumamosi.

TangaMjini: Salio usitoe.

SaidiaFundi: Mwite mpime pamoja. Pengine ni yeye aliyekwambia 18 zinatosha, pengine ni wewe uliyesema zitoshe. Nguvu kazi imefanyika.

NakuruMweupe: Pevingi huku Nakuru tunaziita kabro. Za milimita 60 kwa gari dogo, 80 kama lori la maji litaingia. Ukizipanga juu ya hilo zege, pamoja na mchanga unapanda kama sentimita 9. Geti litafunguka?

GobaJuu: Geti linafungukia ndani. Nafasi chini ni vidole vitatu.

MamaPili: Geti linakatwa chini na kuchomelewa upya, kazi ya nusu siku. Hilo zege liwe besi.

KokotoNusu: Maji yatakaa kati ya zege na mchanga. Atoboe matundu kwanza, na kingo zifungwe.

GobaJuu: Nimekwaruza sasa hivi. Katikati msumari umeingia, upande wa geti umegoma kabisa. Kesho nachimba pembeni na fundi akiwepo.

Mwambani: Wadau, pevingi za 60 Kigamboni zinauzwaje kwa mita?