Gari limefika na kioo kimepasuka, dalali anasema si yeye, mwenye lori anasema "ulisaini"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Gari langu limefika juzi usiku baada ya siku 19. Niliahidiwa siku 8. Kioo cha mbele kina ufa kuanzia upande wa dereva hadi katikati, bampa ya mbele imechubuka chini yote, na boneti ina madoa ya oili. Niliyempa hela anasema hakubeba yeye. Aliyebeba anasema hanijui.

Nilikuwa nahamia mji mwingine kikazi, nikaulizia bei ya kusafirisha gari kwa lori sehemu tano. Wanne walikaribiana, wa tano akawa chini yao mbali sana, nikamchukua yeye. Hapo nimekosea na nakubali. Lakini katika mazungumzo yetu yote hakuniambia hata mara moja kwamba hana lori. Ni dalali. Anachukua kianzio chako, anaitangaza kazi yako kwa wenye matrela, halafu anakaa kungoja dereva atakayeikubali bei aliyokutajia. Bei ikiwa ndogo hakuna anayeigusa, maana trela la magari lina nafasi 8 au 10 hivi, na dereva anazijaza kwanza kwa wanaolipa vizuri. Siku sita nzima naambiwa "dereva yuko njiani". Hakukuwa na dereva! Siku ya saba simu ikaja: mafuta yamepanda, ongeza robo ya bei, la sivyo subiri, na kianzio hakirudishwi. Nikaongeza, kwa sababu nilitakiwa kuripoti kazini Jumatatu na yeye alilijua hilo.

Dereva aliyekuja kulichukua nampa haki yake. Alifika mchana, akalizunguka gari, akaandika kwenye hati ya mzigo mikwaruzo iliyokuwepo, miwili tu, mlango wa nyuma kushoto. Akaniambia nibakize robo tenki na nitoe vitu vyangu vyote ndani, bima yake haivihusu. Akafunga mikanda kwenye matairi, taratibu, bila pupa. Tukasaini wote wawili. Nikapiga picha pande zote, na mita ya kilomita pia: 64,212.

Huyo dereva sikumwona tena.

Aliyeniletea gari ni mtu mwingine, na lori jingine. Saa 4 usiku, mvua inanyesha, kando ya barabara kuu kwa kuwa trela refu namna ile haliwezi kuingia mtaani. Hilo la mtaani silalamikii. Ananinyooshea hati: "Saini hapa bosi, nina gari tatu nyingine za kushusha." Nikamwomba alishushe kwanza nilitazame kwa tochi ya simu, dakika kumi tu. Akakataa. Hela iliyobaki kwanza, sahihi kwanza, ndipo ashushe. Gari langu lipo ghorofa ya chini ya trela, limelowa, sioni kitu. Nikalipa. Nikasaini. Likashushwa, nikawasha tochi, nikauona ufa.

Nilimfuata akiwa anarudisha rampu. Akajibu, "Nililikuta hivyo yadi." Yadi gani? Ndiyo nikajua siku ile kwamba gari langu lilishushwa njiani, likalazwa mahali nisipopajua, kisha likapakiwa lori jingine. Nikafungua mlango nikasoma mita: 64,259. Kilomita 47! Kupanda na kushuka rampu hakufikishi kilomita 47 hata ukirudia mara mia. Kuna mtu aliliendesha gari langu barabarani bila ruhusa yangu. Na kwenye hati hakuna mstari hata mmoja unaosema nani alimkabidhi nani, lini, na lilikuwa na hali gani.

Hicho ndicho kinachonichoma kuliko ufa wenyewe. Kwenye trela la wazi jiwe linaweza kuruka likapiga kioo, naelewa. Lakini bampa kuchubuka chini si jiwe, ni mtu kalipandisha gari kwenye rampu kwa haraka bila kujali pembe. Na oili imetoka kwenye gari lililokaa juu ya langu. Anayejua kupanga mzigo haweki gari linalovuja juu ya la mwenzake.

Tangu jana ni simu tu. Dalali: "Soma mkataba, sisi tunaunganisha, hatusafirishi." Mbona kianzio ulikipokea wewe? Mwenye lori: "Ulisaini kwamba limefika salama." Nimemwomba cheti cha bima yake mara nne, kimya. Bima yangu mwenyewe wamenijibu kwamba gari likiwa mzigo juu ya lori la mtu haliwahusu.

Nilichonacho ni picha za mwanzo, picha mbili za mita, na picha ya ufa niliyoipiga lori likiwa bado nyuma yake, namba zinasomeka na saa ipo. Usiku uleule niliandika uharibifu wote kwenye nakala yangu ya hati nikamtumia dalali na mwenye lori.

Kama gari lako liko njiani sasa hivi, dai leo jina la mwenye lori na cheti cha bima yake, na uulize kama litabadilishwa lori. Likifika gizani na dereva akikubana kusaini, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "sijalikagua, ni usiku na mvua." Mimi sikuliandika hilo na ndilo wananishikia sasa.

Kesho asubuhi nalipeleka kwa fundi anipe makadirio ya maandishi, nayapeleka kwa wote wawili. Aliyewahi kusaini kama mimi na bado akalipwa na bima ya mwenye lori, naomba aniambie alianzia wapi na ilimchukua muda gani.